Shajara ya mradi: mashine ya Waathene kwenye kikoba chetu

Machi 8

Mradi umepitishwa kikaoni leo. Umepita kwa shingo upande, lakini umepita. Kazi yenyewe ni kutengeneza kwa mbao nakala ndogo ya kleroterioni, ile mashine ambayo Athene ya kale iliitumia kuteua waamuzi wa mahakama kwa bahati, halafu tuitumie kuteua wakaguzi wa hesabu za kikoba mzunguko huu. Nimeachiwa mimi kwa vile ndiye niliyelileta wazo, na mwalimu wa historia hakosi kusukumiwa mambo ya kale.

Sababu ya kulileta: mzunguko baada ya mzunguko ukaguzi wetu hufanywa na watu walewale watatu, na wote watatu hukaa meza moja na mweka hazina kwenye kila shughuli ya mtaa. Hakuna aliyewahi kushikwa na hata shilingi. Hata hivyo siku ya kugawana ikikaribia minong'ono huanza, na kikoba kinaweza kufa kwa minong'ono tu huku fedha zote zimo sandukuni.

Niandike na jambo jingine hapa mwanzoni ili lisinisumbue mbele. Siku hizi Wagiriki na Warumi wa kale wanatufikia kama nukuu. Fungua status za WhatsApp asubuhi, utamkuta Marcus Aurelius amewekewa picha ya simba na maneno ya kuvumilia. Sina ugomvi naye. Lakini mtu huyo alitawala Roma kuanzia 161 hadi 180, akaandika kwa uzuri mkubwa juu ya kuitawala nafsi, na alipokufa dola lote likaenda kwa mwanawe Commodus, aliyejiona Hercules, shujaa wa hadithi za kale, akashuka uwanjani kupigana na wacheza mapanga, akaishia kunyongwa mwaka 192. Busara ya baba haikurithika. Waathene wa karne ya 4 K.K. walituachia urithi wa aina nyingine: vyombo, taratibu, masharti ya zamu. Walichukulia kwamba mtu yeyote, hata mwema, akiachwa peke yake na funguo atajaribiwa, wakapanga mambo yao kwa hesabu hiyo. Kwangu mimi huo ndio upande wao unaofaa maisha ya leo, na hauingii kwenye status.

Machi 12

Nimepitia tena maelezo ya mashine. Tunayajua kwa sababu ya kitabu kimoja, *Katiba ya Waathene*, kilichoandikwa na Aristotle au mmoja wa wanafunzi wake. Kilipotea kwa karne nyingi, kikapatikana Misri kwenye mafunjo yaliyonunuliwa na British Museum na kuchapishwa mwaka 1891. Mtu aliyekinakili alitumia upande wa nyuma wa karatasi zilizokwisha kutumika. Upande wa mbele ni hesabu za mapato na matumizi ya shamba moja karibu na Hermopolis, za mwaka 78 na 79 B.K. Mhasibu wetu alilipenda hilo kuliko yote niliyosema.

Kazi ilikwenda hivi. Kila mwaka waliandikishwa waamuzi 6,000, wa miaka 30 na kuendelea. Kila mmoja alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake, jina la baba yake, mtaa wake, na herufi moja kati ya 10. Siku ya kesi, wanaotaka kazi walifika asubuhi kwenye lango la kabila lao (makabila yalikuwa 10, yaliyopangwa na mwanasiasa Cleisthenes mwaka 508 K.K.) na kutumbukiza vibao katika masanduku yenye herufi zao. Vibao vikachomekwa kwenye bamba, kila herufi safu yake ya wima. Pembeni mwa bamba palikuwa na bomba. Ndani yake zilimiminwa dadu nyeupe na nyeusi. Ikitoka nyeupe, mstari mzima wa mlalo umepata kazi siku hiyo. Ikitoka nyeusi, mstari mzima unachukua vibao vyake na kurudi nyumbani.

Hapo bado. Waliopata walichota kila mmoja tunda la mwaloni la kuigiza kutoka kwenye mtungi, lenye herufi ya mahakama atakayokaa, wakapewa fimbo ya rangi inayolingana na rangi ya mlango wa mahakama hiyo ili wasijipenyeze kwingine. Mahakimu nao waligawiwa mahakama kwa bahati. Kwa hiyo mpaka jua linachomoza hakuna aliyejua nani ataamua kesi ya nani. Utamhonga nani? Kitabu hichohicho kinasema Anytus ndiye aliyeanza kuhonga waamuzi, aliposhtakiwa kwa kuipoteza ngome ya Pylos. Ni Anytus huyo aliyekuwa miongoni mwa washtaki wa mwanafalsafa Socrates mwaka 399 K.K. Utaratibu wote wa fimbo na mitungi unasomeka vizuri ukimweka mtu wa namna hiyo akilini.

Mabamba ya mawe yenyewe yapo. Moja, lenye safu 11, limo katika jumba la makumbusho la Agora mjini Athens, ndani ya Stoa ya Attalos. Ni la baada ya Aristotle, lakini kazi ni ileile.

Machi 22

Kwa fundi. Nilimpelekea mchoro akauangalia muda mrefu.

"Mwalimu, hii ni rafu ya viatu?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kikaoni: vibao vitakaa vipi bila kudondoka? Wagiriki walichonga mifereji kwenye jiwe, kibao kikasimama kimeinama kidogo. Kwenye mbao ya paini mfereji mwembamba wa msumeno hulegea mbao ikikauka. Tukakubaliana achonge mifereji kwa mshazari kidogo, ielekee chini kwa ndani, ili kibao kijiegemeze chenyewe.

Vipimo vimetokana na kikoba chetu, wala hatukulazimisha. Sisi tuna vikundi sita vya watu watano watano, wanaodhaminiana mikopo. Kwa hiyo safu sita, mistari mitano. Gololi nyeupe moja, nyeusi nne. Mstari utakaopata nyeupe unatoa mtu mmoja kutoka kila kikundi, na hiyo ndiyo kamati ya ukaguzi. Uzuri wa mashine uko hapo: kutoa majina kwenye kofia kungeweza kuleta wakaguzi wanne wa kikundi kimoja, lakini bamba haliwezi. Kila safu lazima itoe mtu wake.

Vibao vya majina tunakata kwenye madebe ya mafuta ya kula. Fundi anapiga tupa kingo zisikate vidole, kila mwanachama anajikwaruzia jina lake kwa msumari. Athene walitumia shaba nyeusi, baadaye mbao. Vile vya shaba vilivyochimbuliwa vingi vina alama za majina ya zamani yaliyofutwa chini ya jina la mwisho. Mwenye kibao akiondoka, kibao kilipigwa nyundo na kupewa mwingine.

Machi 29

Suala la nani aandike majina limechukua nusu ya kikao. Katibu alijitolea kuandika vibao vyote, mwandiko wake ni mzuri. Nikapinga, nikawasimulia habari ya kisima.

Waathene walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mji kwa miaka 10: unaandika jina kwenye kigae, vigae vikifika 6,000 mwenye jina lililozidi anaondoka, mali yake haiguswi. Mwaka 1937 wachimbaji wa Marekani walikuta kwenye kisima upande wa kaskazini wa kilima cha Acropolis vigae 190 na kitu, vyote vya jina la Themistocles, yule aliyewashinda Waajemi baharini Salamis mwaka 480 K.K. Walipolinganisha miandiko, vigae vyote hivyo vilikuwa vimeandikwa na mikono 14 tu. Kuna watu walikaa wakaandaa kura za kugawa. Labda zilikuwa za kuwasaidia wasiojua kuandika. Labda. Kikao kilicheka kwa namna ya watu wanaojua kugawiwa kura kunafananaje.

Tumeamua: anayeweza kuandika anaandika, asiyeweza anachora alama yake mbele ya wote na mwenzake wa kikundi anaitambua. Bibi mmoja amechora jembe. Ni kibao pekee ambacho hakuna atakayekikosea.

Aprili 5

Jaribio la kwanza la bomba. Bomba la plastiki la robo tatu, juu faneli, chini vipini viwili vya msumari vilivyopita katikati. Ukichomoa cha chini, gololi moja inatoka. Ukikirudisha na kuchomoa cha juu, inayofuata inashuka. Shida ilikuwa kwenye mdomo wa faneli: gololi mbili zikifika pamoja zinabanana na kuwa kama tao, hazishuki. Fundi amekata faneli, amepanua mdomo wake, na mmiminaji anaamrishwa kutikisa. Imekaa sawa.

Rangi ilitusumbua zaidi. Tulipaka nyeupe kwenye gololi ya kioo, ikawa na mguso tofauti na zile nyeusi. Mwenye vidole vyepesi angeijua gizani. Sasa zote tano zimepakwa rangi ya kopo la aina moja, nyeusi na nyeupe, makoti mawili kila moja, zikakaushwa juani.

Halafu mama mmoja, ambaye kwa kawaida haongei, akasema: "Mwanangu, mashine nimeielewa. Anayemimina ni nani?"

Nilifurahi mno, maana Waathene walijiuliza hilohilo. Mtu wa kuchomeka vibao kwenye bamba naye alitolewa kwa bahati: ofisa alichomoa kibao kimoja kutoka kila sanduku, na mwenye kibao hicho ndiye akawa mchomekaji wa siku ile. Kitabu kinaeleza sababu bila kuzunguka: asiwe mtu yuleyule kila siku, akafanya ulaghai. Mtunza saa ya maji ya mahakama naye alitolewa kwa bahati, na wahesabu kura vilevile. Na sisi tutafanya hivyo. Kibao cha kwanza kutoka mfukoni ndicho cha mmiminaji.

Aprili 7

Mzee wetu wa kikundi cha tatu amenipigia simu jioni. Ana hoja na ameiweka kwa heshima. "Mwalimu, chombo hakipewi nahodha wa kubahatisha."

Nilimwambia, "Mzee wangu, maneno hayo alishtakiwa nayo Socrates." Ni kweli. Xenophon, mfuasi wake, anaeleza kwamba mshtaki alimlaumu Socrates kwa kuwafundisha vijana kuwa ni upumbavu kuteua viongozi kwa bahati ya punje za maharagwe, wakati hakuna mtu angemteua hivyo nahodha, seremala au mpiga zumari.

Hoja ni nzito na haikuwapita Waathene wenyewe. Majenerali wao 10 hawakuteuliwa kwa bahati hata siku moja. Walichaguliwa kwa kunyoosha mikono na waliweza kurudi mwaka baada ya mwaka. Pericles, kiongozi wao mashuhuri, alirudi hivyo mara nyingi. Wasimamizi wa mfuko wa jeshi pia walichaguliwa. Bahati ilikuwa kwa kazi ambazo raia yeyote mwenye akili timamu anaweza kuzijifunza kwa wiki mbili: kukaa barazani, kuamua kesi, kusimamia soko, na kukagua. Baraza la watu 500, lenyewe likiwa la bahati, lilitoa wakaguzi 10 kwa bahati ndani yake ili wapitie hesabu za maofisa kila awamu ya mwaka. Kwa hiyo mweka hazina wetu anabaki wa kuchaguliwa. Anayemchungulia ndiye wa bahati. Mzee amekubali hapo, ila anataka iandikwe kwenye katiba ya kikoba.

Sikumwambia la pili kwa sababu simu ilikatika. Socrates huyo huyo aliwahi kuangukiwa na bahati. Mwaka 406 K.K. alikuwa barazani, na zamu ya kusimamia mkutano mkuu ikawa ya kabila lake siku watu walipotaka kuwahukumu majenerali wa vita vya Arginusae wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Alikataa kuipitisha. Wenzake walinyamazishwa kwa kelele, majenerali sita waliuawa, baadaye mji ukajuta. Bahati haikuzuia ubaya ule, lazima nikiri. Ilichofanya ni kumweka pale mtu ambaye hakuna mwanasiasa angemchagua.

Aprili 13

Funguo. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na tunajiona tumeendelea. Athene, mwenyekiti wa siku wa baraza alitolewa kwa bahati, akashika muhuri wa mji na funguo za mahekalu yaliyowekwa fedha na nyaraka, kwa usiku mmoja na mchana mmoja. Hawezi kuongezewa. Hawezi kurudia maisha yake yote. Hebu fikiria kumshawishi mtu huyo: ukimaliza kunywa naye chai, keshakabidhi.

Nimependekeza washika funguo wabadilike kila mwezi. Limekataliwa, maana mmoja wao anakaa karibu na ukumbi na ndiye anayewahi. Sawa.

Limepita lingine: mtu wa hazina asipokaguliwa hasafiri. Athene ofisa ambaye hajakaguliwa hakuruhusiwa kutoka nchini wala kuweka mali yake wakfu kwa miungu, kwa sababu mali ikishakuwa ya mungu utaidai vipi? Mweka hazina aliuliza kama harusi ya Dodoma ni nje ya nchi. Tumempa ruhusa.

Malipo pia. Pericles ndiye aliyeanzisha posho ya waamuzi, oboli (sarafu ndogo ya fedha) mbili, baadaye tatu, nusu ya kibarua cha fundi kwa siku. Wenye mali walimlaumu kwamba anawapa watu uvivu. Bila posho lakini bahati huwaangukia wote na kutumikiwa na wenye nafasi tu. Wakaguzi wetu watapewa nauli na chakula cha mchana.

Aprili 27

Warumi kidogo, maana nimeulizwa wako wapi.

Roma haikuamini bahati kiasi hicho. Kwenye mkutano wao mkubwa wa kuchagua makonsuli, yaani watawala wakuu wa mwaka, matajiri walipiga kura kwanza, na wingi ukishapatikana zoezi lilisimama, kwa hiyo maskini mara nyingi hawakufikiwa. Lakini wametupa kitu kimoja ninachokitaka. Mwaka 139 K.K. sheria ilileta kura ya siri kwenye uchaguzi. Wapiga kura walipita juu ya vidaraja vya mbao kwenda kutumbukiza kura, na wakubwa wakasimama pembeni kuchungulia na kunong'oneza. Mwaka 119 K.K. Marius, akiwa mtetezi wa watu wa kawaida, alipitisha sheria ya kuvifanya vidaraja viwe vyembamba. Basi. Apite mtu mmoja, pasiwe na pa kusimama mwingine. Cicero, mwanasiasa wa Roma ambaye nukuu zake ni tamu sana, hakuipenda kura ya siri. Alitaka watu wema waonyeshwe kura kabla haijatumbukizwa. Watu wema kwake walikuwa watu wa tabaka lake.

Kwetu meza ya viongozi iko hatua moja kutoka kwenye sanduku la kura. Imehamishiwa dirishani.

Kijana mmoja aliuliza kama kuna wanaofanya bahati leo nje ya vikoba na bahati nasibu za simu. Nikamtajia Ireland: kuanzia 2016 raia 99 waliotolewa kwa bahati, pamoja na jaji mwenyekiti, walikaa mwishoni mwa wiki kadhaa kusikiliza wataalamu juu ya mambo ambayo bunge lilikuwa likiyakwepa, likiwemo la utoaji mimba, na kura ya maoni ya 2018 ikafuata mapendekezo yao.

Na mama yule aliyeuliza habari ya mmiminaji ameuliza kama Athene wanawake walipata vibao. Hawakupata. Wala watumwa, wala wageni waliozaliwa hapohapo. Raia wanaume walikuwa takriban 30,000, mashine ilikuwa yao. Kwenye kikoba chetu wanaume ni wachache hata safu mbili hawajazi. "Kumbe walikuwa na mashine nzuri wakawapa nusu ya mji," akasema, akarudi kwenye hesabu zake za hisa.

Mei 3

Uteuzi umefanyika.

Asubuhi paliibuka jambo. Mwanachama wa kikundi cha tano amehamia Iringa, kwa hiyo safu yake ina vibao vinne na mstari wa tano una pengo. Athene safu fupi ndiyo iliyokuwa kikomo. Waliochomekwa chini yake walikosa, wakarudi nyumbani. Kwetu ingekuwa kuwafungia watu watano mlango kwa sababu ya mmoja aliyehama. Tumeamua mstari wenye pengo ubaki kwenye mashindano, na ukipata nyeupe kamati iwe ya watu watano.

Kibao cha kwanza mfukoni kilikuwa cha bibi wa jembe. Akamimina, akatikisa faneli kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Nyeusi. Mstari wa kwanza wakachukua vibao vyao, mmoja akashukuru Mungu kwa sauti. Nyeusi tena. Ya tatu nyeupe.

Kwenye mstari wa tatu yumo mmoja wa wale wakaguzi watatu wa zamani. Ukumbi ukaguna. Kuna aliyetaka mzunguko urudiwe, mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, mkono ukabaki mmoja. Wengine watano hawajawahi kushika daftari la hazina. Kabla ya kuapishwa waliulizwa hadharani kama wana deni lililochelewa na kama kuna mtu ana neno juu yao. Athene swali lilikuwa refu zaidi: baba yako nani, mama yako nani, makaburi ya kwenu yako wapi, unawatunza wazazi wako, unalipa kodi. Neno lilipatikana moja, la faini ya kuchelewa, imelipwa papohapo.

Ukaguzi ni Jumamosi ijayo saa tatu. Daftari, vitabu vya hisa na risiti za benki viko kwa washika funguo.

Kilichobaki kwa fundi: visahani vya kura kwa ajili ya kupitisha au kukataa ripoti. Athene vilikuwa vya shaba, vyenye mhimili katikati, vingine mhimili wenye tundu ndani, vingine usio na tundu. Ukikishika kwa kidole gumba na cha shahada ncha zinafichika, hakuna anayejua umetumbukiza kipi. Kila mtu anapewa viwili, kimoja kwenye sanduku linalohesabiwa, kingine kwenye sanduku la kutupa. Fundi anasema kwa mbao atavitoboa kwa keekee na vijiti vya mianzi, viwili kwa kila mwanachama na vya akiba. Bei aliyotaja ni ya mtu anayejua kwamba hakuna fundi mwingine mjini anayetengeneza kitu hicho. Tunazungumza naye Jumatatu.